Programu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu ni nini? Mfano wa Kansas

Ukifuatilia mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, utasikia watangazaji wakisema kwamba chuo fulani kina programu kubwa ya kikapu hata kama msimu huo timu yake inafungwa ovyo. Kauli hiyo ina mantiki. Timu ni wale vijana kumi na kadhaa waliovaa jezi mwaka huu. Programu ni yote yanayohakikisha kwamba mwakani kutakuwa na timu nyingine: kocha mkuu na wasaidizi wake, nafasi za ufadhili wa masomo, ukumbi, madaktari, watu wanaozunguka shule za sekondari kusaka vipaji, wahitimu wanaochangia fedha, mashabiki, na rekodi ya ushindi pamoja na adhabu zake. Mchezaji kwa desturi ana misimu minne ya kucheza, na wenye vipaji vikubwa hawaimalizi. Programu hubaki.

Mfano ninaouona bora kuliko yote ni wa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence. Kocha wake wa kwanza ndiye aliyeubuni mchezo wenyewe. James Naismith, aliyezaliwa Kanada, aliandika kanuni 13 za mpira wa kikapu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts. Mwaka 1898 akahamia Kansas kufundisha elimu ya viungo na kusimamia ibada za chuo. Mechi ya kwanza, Februari 1899, vijana wake walifungwa 16 kwa 5 na YMCA ya Kansas City. Naismith aliondoka kwenye benchi mwaka 1907 akiwa ameshinda mechi 55 na kupoteza 60, na hadi leo ndiye kocha pekee wa kudumu wa Kansas aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Kwake mchezo ulikuwa wa kujenga mwili na tabia. Ubingwa haukumshughulisha sana. Kwa hiyo alianzisha timu, lakini programu kwa maana tunayoizungumzia hapa ilikuwa bado.

Aliyeijenga ni mwanafunzi wake, Forrest Allen, aliyejulikana kwa jina la Phog. Inasimuliwa kwamba Naismith alimwambia kikapu hakifundishwi, kinachezwa tu. Allen hakukubali. Alifundisha Kansas kwa misimu 39, akaongoza kuundwa kwa chama cha kitaifa cha makocha wa kikapu mwaka 1927, akapigania mchezo huu uingie Olimpiki, jambo lililotimia Berlin mwaka 1936. Mwaka 1952 timu yake ilitwaa ubingwa wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa kuifunga St. John's 80 kwa 63. Clyde Lovellette, mtu mrefu wa kati, ndiye aliyeongoza nchi nzima kwa kufunga msimu huo.

Mtazame pia kijana wa akiba aliyekuwa kwenye benchi la Allen mwaka ule: Dean Smith. Hakuwa nyota, lakini alikuja kuwa kocha mkubwa wa Chuo Kikuu cha North Carolina, na huko akawalea Larry Brown na Roy Williams, ambao wote wawili walikuja kuifundisha Kansas. Brown naye, alipokuwa Kansas, alimchukua kijana mmoja kuwa msaidizi wa ngazi ya chini katika msimu wa 1985–86. Kijana huyo ni Bill Self, kocha mkuu tangu 2003. Kutoka Naismith hadi Self, mkono mmoja umekabidhi mwingine bila kukatika, na kwa maoni yangu mnyororo huo una thamani kuliko kikombe chochote kilicho kabatini.

Lakini programu hurithi na mabaya ya chuo chake. John McLendon alisoma elimu ya viungo Kansas miaka ya 1930, chini ya ulezi wa Naismith mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo. Alihitimu mwaka 1936, akaenda kufundisha vyuo vya watu weusi, akaeneza mchezo wa kasi, kisha akatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mara tatu mfululizo, 1957 hadi 1959, akiwa na Tennessee A&I. Kansas ilikuwa na akili ile mikononi mwake, ikamweka nje ya uwanja.

Miaka 20 hivi baadaye akaja Wilt Chamberlain kutoka Philadelphia. Wakati huo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza timu kubwa, kwa hiyo alianza na timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Novemba 1955 timu hiyo ya chipukizi iliwafunga kaka zao wa timu kubwa 81 kwa 71, Chamberlain akifunga pointi 42. Allen ndiye aliyemshawishi aje, lakini hakupata kumfundisha katika timu kubwa, kwa kuwa alikuwa amefikisha umri wa miaka 70 na mwaka 1956 sheria ya kustaafu ikamtoa. Nafasi ikachukuliwa na msaidizi wake, Dick Harp. Mwaka 1957 walifika fainali, wakafungwa na North Carolina 54 kwa 53 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. Chamberlain aliubeba mzigo wa mechi ile kwa miongo mingi, akidhani Kansas wanamlaumu. Aliporudi Januari 1998 jezi yake ipandishwe ukumbini, akiwa amevaa koti lake la mwanamichezo wa chuo, watu walisimama na kumshangilia.

Ukumbi wenyewe ni Allen Fieldhouse, uliofunguliwa tarehe 1 Machi 1955. Kwa miaka mingi uliingiza watu 16,300, na sakafu yake ina jina la James Naismith. Jengo la jirani linatunza karatasi za kanuni zile 13, zilizonunuliwa mnadani mwaka 2010 kwa dola milioni 4.3 na mhitimu wa chuo, David Booth. Wahitimu kama hao nao ni sehemu ya programu.

Kama unataka kuiona tofauti kati ya timu na programu kwa macho, angalia mwaka 1988. Kansas waliingia mashindano ya ubingwa ya NCAA wakiwa wamepoteza mechi 11 na hakuna aliyewapa nafasi. Danny Manning akawabeba, akafunga pointi 31 na kuchukua ribaundi (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) 18 katika fainali dhidi ya Oklahoma, iliyoisha 83 kwa 79. Baada ya hapo kila kitu kikavunjika. Manning alimaliza miaka yake. Brown akaenda kufundisha San Antonio Spurs, timu ya NBA, ligi ya kulipwa. NCAA ikawaadhibu kwa makosa ya usajili, wakazuiwa kutetea ubingwa wao mwaka 1989. Akaajiriwa Roy Williams, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Mwaka 1991 walikuwa fainali tena.

Kinyume chake kipo pia. Msimu wa 2013–14 Kansas walikuwa na Andrew Wiggins na Joel Embiid wa Kameruni, vijana waliochaguliwa wa kwanza na wa tatu kwenda NBA mwaka uleule. Embiid akaumia mgongo, na timu ikatolewa mapema na Stanford. Wote wawili waliondoka baada ya msimu mmoja. Hata hivyo Kansas walishika kilele cha ligi yao ya Big 12 mwaka huo, kama walivyofanya misimu 14 mfululizo, 2005 hadi 2018, kwa vikosi vilivyobadilika karibu kila mwaka. Ubingwa wa taifa ulikuja 2008, Mario Chalmers aliposawazisha kwa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 2.1 dhidi ya Memphis, na tena 2022, walipokuwa nyuma kwa pointi 16 dhidi ya North Carolina kisha wakashinda 72 kwa 69.

Rekodi hufutwa pia. Mwaka 2023, baada ya uchunguzi mrefu wa malipo kwa familia za wachezaji, Kansas walipokonywa ushindi 15 wa msimu wa 2017–18, na kufika kwao nusu fainali mwaka ule kukaondolewa kwenye vitabu.

Siku hizi fedha hutembea hadharani. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima nako kumekuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo kocha hawezi tena kumpokea kijana akitumaini kumkomaza kwa miaka minne; kila masika huanza upya kuwashawishi hata wale alionao.