Rejesta ya wodi haitoshi kupima huduma

Wengi hudhani kwamba nadharia za kijamii ni mapambo ya vyuo vikuu, na kwamba huduma za afya hupimwa kwa kuhesabu vitanda, dawa na wagonjwa tu. Sivyo. Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walibainisha namna tatu za kuchelewa zinazochangia vifo vya wajawazito: kuamua kutafuta huduma, kufika kituoni, na kuhudumiwa baada ya kufika. Rejesta, hata ikijazwa kwa uangalifu, haimwoni mama anayengoja nyumbani idhini ya mume au nauli ya bodaboda. Wala haisemi kwamba aliyefika aliagizwa akanunue glavu, ingawa sera huahidi uzazi bila malipo. Hivyo zahanati huweza kuonyesha vifo vichache kwa sababu tu walio hatarini zaidi hawakuifikia.