Cheti cha ufundi bila kurudi darasani

Wengi huamini kwamba fundi aliyejifunzia gereji au saiti hawezi kupata cheti mpaka aache kazi akaanze chuo upya. Si kweli. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtathmini humtazama mwashi, seremala au mpishi akifanya kazi yenyewe, humhoji, kisha humwonyesha mapengo yake, labda usomaji wa ramani au usalama kazini. Hayo ndiyo anayofundishwa kabla ya kupata cheti. Kwangu mimi hii ni haki iliyochelewa: miaka ya kushika mwiko juani nayo ni masomo. Anayehitaji aulize chuo cha VETA kilicho karibu naye.