Kunata kwa bakteria kwenye utumbo wa kuku: maana yake

Chana utumbo wa kuku uliyemchinja, usuuze, kisha upitishe kidole kwa ndani. Utahisi utelezi, na chini yake kitu laini kama taulo jipya. Utelezi ni ute. Huo utaulo ni vijinyweleo vinavyofyonza chakula.

Utumbo hautulii. Hujikamua muda wote kusukuma chakula, na bakteria asiyeshika popote hutoka na kinyesi baada ya saa chache. Kwa hiyo kabla hajazaliana, hajatoa sumu wala kupenya kwenda kwenye damu, bakteria wa ugonjwa kama salmonela au e-koli mbaya sharti apate pa kujishikiza. Huko ndiko kunata.

Anajishikizaje? Mwili wake umezungukwa na nyuzi nyembamba mno, hata mia kadhaa kwa bakteria mmoja. Katika aina ya nyuzi iliyozoeleka zaidi, ncha ya kila uzi ina protini inayoshika sukari moja, manosi, na seli za utumbo zimevaa sukari hiyo juu yake. Vikikutana, vinanasana kama kishonanguo na suruali ya aliyetoka shambani. La ajabu ni kwamba kwa e-koli mshiko huo hukaza zaidi unapovutwa: msukumo ambao ungemng'oa ndio unaomkazia. Wengine wana mbinu nyingine. Kampilobakta, kwa mfano, huogelea ndani ya ute, na ana protini yake ya kushikia fibronektini, protini iliyo kwenye tishu za mwili wa kuku.

Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini watengenezaji wa chakula cha kuku huchanganya maganda ya seli za hamira. Yamejaa manosi. Salmonela hunasa kwenye ganda badala ya utumbo, wakatoka wote na kinyesi. Ni chambo tu. Hakimtibu kuku aliyekwisha kuugua, wala hakimnasi bakteria asiyetafuta manosi, kwa hiyo muuzaji anayekuambia ni dawa ya kuharisha anakuuzia maneno.

Njia nyingine ni kujaza nafasi mapema, kwa sababu bakteria wema nao hunata. Mwaka 1973 huko Ufini, watafiti Nurmi na Rantala walionyesha kwamba vifaranga waliopewa bakteria kutoka kwenye utumbo wa kuku wakubwa wenye afya hawakushikwa kirahisi na salmonela. Kifaranga wa kienyeji hupata kinga hiyo bure, akidonoadonoa pale mama yake anapochakura na kunya. Wa mashine ya kutotolesha hamjui mama. Utumbo wake ni karibu mtupu, na wageni wake wa kwanza watatoka kwenye boksi alilosafirishiwa, kwenye maranda na kwenye maji utakayomwekea siku hiyo.