Limfoma ya Burkitt: kwa nini seli za uvimbe huoteshwa maabara?

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya namna gani?

Ni saratani ya seli B, yaani seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi huwapata hasa watoto, na mara nyingi huanzia kwenye taya: meno hulegea bila kuoza, shavu huvimba, na uso hubadilika upesi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huu kwa maandishi mwaka 1958.

Ndani ya seli huwa kumeharibika nini?

Kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya seli. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC, ambayo huihimiza seli kugawanyika, hukatika na mara nyingi hujiunga na kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili. Kwa kuwa seli B hutumia jeni hizo bila kupumzika, MYC nayo hubaki imewashwa usiku na mchana, na seli huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana ninawasihi wazazi wasingoje wiki ipite: dawa zinazoshambulia seli zinazogawanyika huupiga uvimbe huu kwa nguvu, na mtoto akiwahishwa hospitali anaweza kupona kabisa.

Kuotesha seli kumesaidia nini?

Anthony Epstein, mtafiti wa London, alimsikia Burkitt akihutubia mwaka 1961, akashuku kwamba kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vilivyoletwa kwa ndege kutoka Uganda havikumpa jibu, hadi Desemba 1963, ndege moja ilipopelekwa Manchester kwa sababu ya ukungu na kipande kikachelewa kufika. Majimaji yake yalikuwa yametibuka, kana kwamba yameingiwa na bakteria. Badala ya kuyamwaga, Epstein alilitazama tone lake kwa hadubini, akaona seli za uvimbe zilizo hai, zilizobanduka na kuelea. Yeye na Yvonne Barr wakaziotesha. Ukoo huo wa seli ukaitwa EB1, kwa herufi za majina yao, ingawa seli zenyewe zilikuwa za mtoto mgonjwa wa Uganda, jambo ambalo halifai kusahauliwa. Mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, walikiona ndani yake kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr.

Je, kila mwenye kirusi hicho hupata saratani?

Hapana. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na wengi hawaugui saratani kamwe.

Seli zinazooteshwa chupani maabara hufanana kweli na uvimbe?

Kwa sehemu tu. Chupani hamna mishipa ya damu, kinga ya mwili wala malaria, na seli zilizooteshwa kwa miaka mingi huendelea kubadilika. Kwa hiyo watafiti huzipandikiza pia kwenye panya wasio na kinga ya kuzikataa, na hata dawa ikifaulu huko, ni lazima ijaribiwe kwa wagonjwa walioridhia, au ambao wazazi wao wameridhia, kabla ya kuwa tiba ya kawaida.