Ukitaka domeni kuu kutoka kwa jina la hosti, usihesabu nukta

Kuna kodi (code) moja ya kutoa domeni kuu, yaani jina linalosajiliwa kama example.com, kwenye jina la hosti, yaani jina zima kama www.example.com, nimekutana nayo kwenye projekti nyingi mno, na mimi mwenyewe nishaiandika, manake ukiiangalia haraka unaona iko sawa kabisa:

vipande = hosti.split(".")
domeni = ".".join(vipande[-2:])

Yaani unakata jina kwenye nukta, unachukua vipande viwili vya mwisho, kazi imeisha. Ukiipa www.example.com inakurudishia example.com, ukiipa blog.habari.example.com bado inatoa example.com, unafurahi unapush. Mimi niliiweka kwenye ripoti ya logi iliyokuwa inajumlisha trafiki kwa kila domeni, na baada ya muda nikaona mteja namba moja wetu anaitwa co.uk. Hakuna mtu anaitwa co.uk! Ilikuwa ni tovuti kibao za Uingereza, hazijuani kabisa, zimerundikwa kwenye mstari mmoja, na namba zote za chini yake zilikuwa hazina maana.

Wengi wakifika hapo wanaongeza if: kama kipande cha pili kutoka mwisho ni co, com, org au ac basi chukua vitatu. Usifanye hivyo jamani. Kila nchi imejipangia mambo yake, wengine wanauza majina moja kwa moja chini ya mkia wa nchi (ule mwisho wa jina, kama .uk au .jp), wengine chini ya co au com, wengine vyote kwa pamoja, kama .uk yenyewe ambayo tangu 2014 unaweza kusajili jina.uk bila co katikati. DNS, ule mfumo wa kutafuta anwani ya jina kwenye mtandao, haikusaidii hapa, manake kwake nukta ni nukta tu, hakuna alama yoyote ndani ya jina inayosema hapa ndo msajili anaishia na mwenye jina anaanzia. Hii ni habari ya sera za watu, sio ya herufi, kwa hiyo lazima itoke nje ya jina lenyewe.

Inatoka kwenye Public Suffix List. Ni faili la maandishi tu, lilianzishwa na Mozilla, sasa hivi brauza zote kubwa zinalitegemea, lina maelfu ya mistari na kila mstari ni mkia ambao chini yake watu tofauti wanaweza kupata majina yao. Unatafuta mkia mrefu kuliko yote unaolingana na hosti yako, unaongeza kipande kimoja kushoto, hiyo ndo domeni inayosajilika. Kama hakuna mstari unaolingana, kipande cha mwisho peke yake kinahesabiwa kuwa mkia.

Ingekuwa hivyo tu ningekwambia andika mwenyewe, ila kuna mistari yenye nyota na yenye alama ya mshangao. Chukua Kawasaki ya Japani, kwenye orodha kuna jp, kuna *.kawasaki.jp, na kuna !city.kawasaki.jp. Nyota inamaanisha kipande chochote kikikaa hapo kinakuwa sehemu ya mkia, kwa hiyo www.duka.abc.kawasaki.jp mkia wake ni abc.kawasaki.jp na domeni ni duka.abc.kawasaki.jp, vipande vinne! Na abc.kawasaki.jp ikija peke yake haina domeni yoyote, yenyewe ni mkia, kodi yako irudishe hewa (null, yaani hakuna jibu) na sio kubahatisha. Halafu ule mshangao unasema city ametolewa kwenye nyota, unashinda sheria zote, unadondosha kipande chake cha kushoto mkia unabaki kawasaki.jp, kwa hiyo www.city.kawasaki.jp inakupa city.kawasaki.jp. Fuata hii mifano kwa kalamu mara moja, ukishaielewa orodha nzima haikusumbui tena.

Sasa sehemu ninayoona watu wanaikosea hata wakitumia laibrari nzuri. Orodha ina mafungu mawili. La kwanza ni mikia ya wasajili rasmi, kama com na co.uk. La pili ni ya watu binafsi waliojiandikisha wenyewe kwa sababu wanagawa sabdomeni kwa wateja wao, mfano github.io. Hosti ni juma.github.io, jibu ni lipi? Ukitumia fungu la kwanza tu ni github.io, ukitumia yote mawili ni juma.github.io. Yote mawili ni sahihi, inategemea unauliza nini. Unataka kujua nani kalipia jina kwa msajili? Fungu la kwanza. Unataka kujua nani anaruhusiwa kusoma kuki (data ndogo ambazo tovuti inahifadhi kwenye brauza) za nani, au unablock mtu anayetuma taka? Hapo lazima yote mawili, la sivyo unamfungia Juma na kila jirani yake asiye na kosa. Brauza inakataa kuki iliyowekwa kwa co.uk au github.io kwa sababu hiyohiyo, ingeikubali basi kila tovuti chini yake ingeisoma.

Na laibrari hazikubaliani! tldextract ya Python usipoiambia kitu inaacha fungu la pili, wakati publicsuffix ya Go kwenye golang.org/x/net inalitumia. Huduma mbili, lugha mbili, hosti ileile, majibu tofauti, na hakuna error inayotokea popote. Iandike wazi kwenye kodi unataka lipi hata kama ndo default.

Kabla ya yote hayo safisha ulichopokea. Hosti ichukuliwe na parser ya URL, sio regex yako, manake https://example.com@example.net/ inakwenda example.net, hiyo ya kwanza ni jina la mtumiaji tu. Ondoa nukta ya mwishoni, shusha herufi kubwa, majina ya Kiarabu au Kichina yageuze yawe kwenye mfumo mmoja na orodha yako (ama yote xn--, yaani yameandikwa kwa herufi za kawaida za ASCII, ama yote unicode, yaani kwa herufi zake zenyewe), na anwani ya IP itoe pembeni mapema kabisa, sitaki kuona tena ripoti yenye domeni inayoitwa 1.10 kwa sababu mtu alipitisha 192.168.1.10.

Halafu orodha inabadilika kila mara, kwa hiyo panga jinsi ya kuiapdeti, na kwenye database hifadhi hosti nzima, domeni iwe ni kolamu unayoweza kuihesabu upya. Mkia mpya ukiongezwa kesho na ulihifadhi domeni peke yake, kile kipande cha kushoto ulichokitupa hukipati tena.