Kwa nini Suzuki iling'oka Marekani

Simama Mwanakwerekwe, hapa Zanzibar, asubuhi uzitazame kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, zinavyoshusha ndizi na muhogo. Nyingi ni Suzuki Carry. Barabara ya Paje nayo haikosi Suzuki Escudo za kukodisha watalii. Ndiyo maana wateja wangu hubisha nikiwaambia kampuni hii ilishindwa kuuza gari Marekani. Novemba 2012 tawi lake la kule lilikwenda mahakamani kwa kufilisika, likabaki na pikipiki na mashine za boti.

Wengi hudhani ni ubovu. Sikubali. Escudo iliyokaa Nungwi huoza chini ya milango kwa chumvi, ukaweka kidole kikapita, na injini bado haijaanza kula oili.

Balaa lilianza na Suzuki Samurai, gari ndogo ya nje ya lami, ndugu yake Suzuki Jimny, injini ya lita 1.3, iliyoingia kule 1985. Bei nafuu, vijana wakaichangamkia. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports likasema ni nyepesi kupinduka ikikatishwa kona ghafla. Suzuki ikashitaki 1996, wakapatana 2004 bila hukumu. Miaka 16 hiyo jina lilikuwa linachafuka tu.

Lakini kosa ninaloliona kubwa zaidi ni la kujitakia. Ikitafuta mauzo ya haraka, Suzuki ilichukua gari zilizoundwa na Daewoo wa Korea Kusini ikazibandika nembo yake: Forenza, Verona, Reno. Mtu kalipia Suzuki, fundi akifungua boneti anakuta kitu kingine. Mwaka 2007 iliuza gari zaidi ya 100,000. 2011 hazikufika 27,000. Yeni, pesa ya Japani, nayo ilikuwa imepanda, dola moja haifiki yeni 80, kwa hiyo gari inayotoka Japani haina faida. Suzuki Kizashi, ambayo kwa kweli ilikuwa gari nzuri, ilikuja wakati duka linafungwa.

India ilikuwa kinyume. Mwaka 1983, kampuni ya huko Maruti na Suzuki walianza na kigari kidogo cha kuwafaa watu wa kipato cha kawaida, wakakiunda hukohuko. Leo ndio wanaoongoza soko lile.

Na Wamarekani? Sheria yao inaruhusu kuagiza gari ya nje ikishatimiza miaka 25, na siku hizi wakulima wao wanaagiza Carry kuukuu kutoka Japani, usukani kulia vilevile, ingawa baadhi ya majimbo yanakataa kuzisajili.