Rangi ya kuchezea wakati wa kuoga: maswali ya wazazi

Mwanangu wa miaka mitatu hapendi kuoga. Nasikia kuna rangi ya kujipaka akiwa kwenye beseni, na unaweza kuitengeneza nyumbani. Inatengenezwaje?

Chukua vijiko 3 vya chakula vya wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kukazia kastadi. Uvuruge kwa maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka huku unakoroga. Baada ya muda mfupi ule weupe wa maziwa unapotea na uji unaanza kung'aa na kuvutika. Epua, uache upoe kabisa. Usidanganywe na utando wa juu, kwani katikati huwa bado panaunguza.

Ukishapoa, ongeza kijiko 1 cha chakula cha shampuu ya mtoto, ile ile anayoogea siku zote. Gawa kwenye vikombe vya plastiki na tia tone moja au mawili ya rangi ya chakula kila kikombe. Uji ukikaza sana, ongeza maji.

Rangi ya chakula sina. Rangi nyingine zinafaa?

Hapa naomba tuelewane vizuri. Sokoni kuna rangi ya unga ya kutia ukili wa mikeka, na mtu anaweza kudhani ni ile ya keki. Sivyo. Hiyo ni ya miyaa, haikutengenezwa kwa mdomo wala jicho la mtoto. Rangi ya nguo ni hivyo hivyo.

Piko ndiyo usiiguse kabisa. Piko nyeusi ya rangi ya nywele mara nyingi ina kemikali iitwayo PPD. Kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge, na ikimezwa huvimbisha shingo na koo hadi mtu ashindwe kupumua, na huweza kuharibu figo. Rangi ya ukuta nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kanuni yangu ni moja: kila kinachoingia humo kiwe ama kinaliwa, ama mtoto tayari anakiogea. Maji ya bitiruti iliyochemshwa yanatoa waridi zuri sana. Manjano ya jikoni yanaliwa, lakini yanang'ang'ania kwenye ngozi na beseni, bora uyaache.

Akiilamba je?

Kulamba kidogo hakutamdhuru. Akinywa nyingi, shampuu inaweza kumchafua tumbo. Usitie sukari wala harufu ya matunda, utakuwa unamwalika aile. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi. Jicho likibaki jekundu au akiendelea kulia, mpeleke kituo cha afya.

Binti yangu huwashwa akikojoa baada ya kucheza kwenye povu.

Kukaa muda mrefu kwenye maji ya sabuni huwasha sehemu za siri za wasichana. Acheze akiwa amesimama au kwenye beseni tupu, umsuuze kwa maji matupu mara anapomaliza. Mwasho ukiendelea, au akipata homa, apimwe mkojo. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, au mwenye kidonda kibichi, asipakwe.

Iliyobaki niitunze?

Mwaga. Haina kihifadhi, na uji wa wanga kwenye joto letu ni chakula cha vijidudu na ukungu. Pika ya siku hiyo tu.

Akicheza hivyo, naweza kuwahi jikoni kugeuza chapati?

Hapana, hata kwa dakika moja. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita 5, na mara nyingi huzama kimya, bila kelele wala kurusha mikono. Ndoo ni hatari zaidi: kichwa chake ni kizito, akitumbukia hawezi kujinyanyua. Basi zima jiko kwanza, weka taulo karibu, na mlango ukigongwa mbebe mtoto uende naye. Dada yake wa miaka minane si mlinzi wa kutosha. Mkimaliza, mwaga maji yote, ugeuze ndoo, kisha sugua sakafu, kwa sababu wanga na sabuni vinateleza vibaya kwa atakayeingia baada yenu.